Swali Lililoleta Watu Tisa

Pale kliniki ya macho kila mtu alimwita Bi Masjala, na baada ya miaka ishirini na minane nyuma ya kaunta ile ya mbao, hata yeye alikuwa anaitikia jina hilo upesi kuliko lile alilopewa na mama yake. Kifuani alichomeka kalamu tatu. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kumtazamia mtu anayetaka kuruka foleni. Hakuwa mkali kwa asili. Alikuwa mkali kwa sababu faili likipotea mtu hupotea nalo, na hilo alikuwa ameliona kwa macho yake mara mbili katika ujana wake wa kazi, na mara zote mbili alikwenda nyumbani akalia.

Masjala yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu za chuma zilizofika darini. Sasa nusu ya rafu zilikuwa wazi. Kwa miezi mitano wachapaji wanne walikaa humo wakihamisha mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, na Bi Masjala akawa anawazunguka nyuma ya viti kama mama mkwe aliyekaribishwa jikoni. Amri yake kwao ilikuwa moja: kilichoandikwa kichapwe kilivyo, kisiongezwe, kisipunguzwe. Wakatii. Mchapaji mmoja alichapa hata doa la chai, akaliita nukta, ikabidi aambiwe.

Mtaalamu aliyeletwa na kampuni kuweka mfumo huo mpya alikuwa, kwa bahati nzuri au mbaya, binti wa kaka yake. Msichana huyo hakuwa na muda wa kula wala wa kuchana nywele vizuri, lakini kichwani alikuwa mwepesi sana. Mbele za watu alisema "Bi Masjala" kwa adabu zote. Wakibaki wawili, adabu ilipungua.

"Shangazi, kompyuta ni kama wewe tu," alimwambia siku ya kwanza ya masomo. "Haipendi porojo. Iambie mambo matatu. Unataka kuona nini, kitoke kwenye jedwali gani, na uwaone wepi tu. SELECT, FROM, WHERE. Basi."

"Na tafadhali niiweke wapi?"

"Tafadhali haipo."

"Ndiyo maana vijana mnaoshinda nayo mmekuwa hivyo mlivyo."

Lakini alijifunza. Alijifunza kwa bidii ambayo hakuitangaza, akiandika kila kitu kwenye daftari la kurasa mia mbili kwa mwandiko uliolala upande mmoja. Akaelewa kwamba jedwali ni kama kile kitabu chake kikubwa cha wagonjwa: kila mtu ana mstari wake, na kila safu ina jambo lake, jina, simu, ugonjwa, tarehe, hali. Akaelewa pia kwamba upande wa pili, kule zilikokuwa zikiingia fomu za gari la huduma linalozunguka nje ya mji, hakukuwa na safu. Manesi wa gari hilo walijaza kwenye simu, na fomu ya kila mgonjwa ikakaa peke yake. Mwenye mengi ana mengi, mwenye machache ana machache.

"Huku ni bahasha," alisema msichana. "Kila bahasha na vitu vyake. Huwezi kusema safu ya tano ina nini, kwa sababu bahasha nyingine haina hata ya pili. Maswali yake yanaandikwa tofauti kidogo, kwenye haya mabano yaliyobonyea kiunoni. Tutayafanya kesho."

Siku moja katika masomo hayo msichana aliuliza jambo, na linafaa lisemwe hapa maana ndilo lililokuja kuwapa jasho. Aliuliza, "Shangazi, kwenye hii safu ya hali, kila mgonjwa ana hali yake?" Bi Masjala akakaa wima kama aliyetukanwa. "Kila mmoja," akasema. "Katika masjala yangu hakuna mgonjwa asiye na hali." Msichana akaridhika, wakaendelea.

Jumatano, saa tano asubuhi, daktari mkuu aliingia masjala mwenyewe. Kwa kawaida alituma mtu. Alikuwa amekunja mikono ya shati na hakukaa.

"Kuna timu ya madaktari wa upasuaji," alisema. "Wana wiki moja, kuanzia Jumatatu. Wanafanya mtoto wa jicho tu, bure, na vifaa vyao wanakuja navyo. Lakini hawaji mahali penye wagonjwa chini ya mia moja, haiwalipi safari. Wakiona sisi hatufiki, wanakwenda hospitali nyingine. Wanataka jibu leo saa kumi."

Tangu daktari wao wa upasuaji astaafu, miaka minne na ushee sasa, hakuna jicho lililopasuliwa pale. Waliokuja wakiwa na ukungu machoni walipimwa, wakaandikishwa, na aliyewasindikiza hadi mlangoni alikuwa yeye. Kila mmoja alimwambia neno lilelile: tutakuita. Alilisema kwa kinywa chake, mwaka baada ya mwaka, akiwatazama watu ambao wao hawakuweza kumtazama vizuri. Baadhi walimshika mkono. Lilikuwa deni lake, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumdai.

"Wapo, daktari," alisema. "Nipe dakika kumi."

"Nipe orodha ya wenye mtoto wa jicho ambao hawajapasuliwa. Majina na simu."

Msichana alikuwa amekwenda chumba cha umeme kushughulikia nyaya. Bi Masjala hakumwita. Alivuta kiti, akavaa miwani ya kusomea, akafungua daftari lake, akaandika swali lake la kwanza la kazi ya kweli. Nipe jina na simu, kutoka jedwali la wagonjwa, wale tu ambao ugonjwa wao ni mtoto wa jicho na hali yao si "amepasuliwa". Alihakiki alama moja moja kwa kidole. Akabonyeza.

Yakaja majina tisa.

Alingoja kidogo, akidhani mengine yako njiani. Hayakuwa njiani. Daktari mkuu aliinama juu ya bega lake, akahesabu kwa macho, akajinyoosha.

"Tisa?"

"Haiwezekani, daktari."

"Ndivyo inavyosema." Sauti yake haikuwa ya lawama, na hilo lilimuuma zaidi. "Labda wengine walikwenda kutibiwa kwingine. Miaka minne ni mingi, Bi Masjala. Watu hawakai tu." Akatazama saa. "Kama hakuna kitu kingine, saa kumi nitawaambia waende huko kwingine."

Alipotoka, Bi Masjala alibaki na kioo na majina yake tisa. Aibu ilimwingia kwanza, ile aibu ya mtu mzima aliyejaribu jambo la vijana mbele ya mkubwa wake. Kisha akasoma majina vizuri, na aibu ikatoa nafasi kwa kitu kingine. Jina la nne lilikuwa la mzee wa duka la baiskeli. Mzee huyo alizikwa mwaka juzi, na yeye Bi Masjala alikuwepo mazishini, amevaa viatu vilivyombana. Kompyuta ilikuwa inamwita marehemu aje kupasuliwa jicho.

Alimwita msichana. Akaja mbio, mikono ina vumbi, akasoma swali lililoandikwa, akalisoma tena.

"Shangazi, hili swali halina kosa. Kwa kweli umeliandika vizuri kuliko yule kijana wa kwetu ofisini."

"Halina kosa na limeniletea maiti?"

"Umeomba ambao hawajapasuliwa. Yeye hajapasuliwa." Msichana alicheka, akaona shangazi hacheki, akanyamaza. "Kompyuta haina upendeleo. Kama ni tisa, ni tisa."

"Mwanangu, mimi nimewaambia watu hawa nitawaita. Nawakumbuka. Yupo mama mwenye watoto pacha, yupo dereva wa lori aliyeacha kuendesha, yupo yule mwalimu. Wako wapi?"

Msichana akasema aende akazungumze na wenzake ofisini kwa simu, pengine uhamishaji una hitilafu, pengine mafaili fulani hayakuingia. Akatoka na simu sikioni. Saa ya ukutani ilisema saba kasorobo.

Mtu mwingine angekaa kungoja. Bi Masjala hajawahi kuwa na kipaji hicho. Alifungua ukurasa wa daftari wa masomo ya kesho, ambapo msichana alikuwa amemwandikia mfano mmoja wa swali la bahasha ili autazame nyumbani, akalihangaikia lile bano la kiuno kwenye kibodi hadi akalipata. Akauliza swali lilelile, safari hii kwa fomu za gari la huduma: nipe wenye mtoto wa jicho ambao hali yao si "amepasuliwa". Mara ya kwanza kompyuta ilimgombeza kwa herufi nyekundu. Alikuwa amesahau kufunga bano. Akalifunga.

Wakaja watu arobaini na mmoja.

Alijikuna kichwa kwa kalamu. Gari la huduma lilianza mwaka jana tu, na lilikuwa limeandikisha watu sitini wenye mtoto wa jicho. Sitini, kumi na tisa wamepasuliwa hospitali nyingine, na arobaini na mmoja wanangoja. Kliniki nzima, miaka minne, na wanaongoja ni tisa? Mtu yeyote aliyewahi kupanga mafaili angeona kwamba hizo hesabu hazikai meza moja.

Na bahasha, tofauti na jedwali, zilimwagika kwenye kioo na kila kilichomo. Alizisoma moja moja. Jina, umri, simu, jicho la kulia, jicho la kushoto, jina la nesi. Hali haikuwepo. Akashuka kwenye ya pili, ya tatu, ya kumi. Katika zile arobaini na moja, tatu tu zilikuwa na hali, na zote tatu ziliandikwa "alikataa". Nyingine zilikuwa hazina hata hilo neno hali.

Akarudi kwenye jedwali lake. Mara hii hakuomba jina na simu tu, akaomba na hali. Majina yaleyale tisa yakaja, kila moja na lake pembeni. Amefariki. Amehamia. Alikataa. Amefariki. Amehamia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anangoja.

Hapo ndipo alipojua. Alijua kabla ya msichana, kabla ya kompyuta, kabla ya mtu yeyote, maana jambo lenyewe lilikuwa lake mwenyewe.

Msichana aliporudi alimkuta shangazi yake amekaa mikono mapajani.

"Sisi hapa," Bi Masjala alisema polepole, "hatuandiki kwamba mtu anasubiri."

"Mnaandika nini?"

"Hatuandiki kitu. Nilikataza mwenyewe, nilipopewa ukubwa wa masjala. Karani akiandika 'anasubiri', anayekuja baada yake anasoma, anaona kuna neno, anadhani limeshughulikiwa, anafungua ukurasa mwingine. Lakini kisanduku kikiwa kitupu, kinawasha. Jicho linakirudia. Unajua huyu bado ni wetu. Nimewafundisha makarani wote hivyo, na manesi wa gari pia."

"Lakini shangazi, nilikuuliza kama kila mgonjwa ana hali."

"Nawe ulijibiwa. Kitupu ndiyo hali yake. Mtu yeyote hapa anajua."

Msichana alikaa chini, juu ya boksi la karatasi. Kwa muda alimtazama shangazi yake kama anayemwona upya, kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Kosa ni langu," alisema. "Nisikilize. Kwenye jedwali, ukiiuliza kompyuta kama hali ya huyu ni tofauti na 'amepasuliwa', na kisanduku ni kitupu, haisemi ndiyo. Haisemi hapana pia. Inasema sijui. Na wewe umeomba waliojibiwa ndiyo tu. Wote wasiojulikana inawaacha nje, kimyakimya, bila hata kukuambia imewaacha."

"Na kule kwenye bahasha?"

"Kule mambo ni tofauti. Kitu kisipokuwepo, inakihesabu kuwa si 'amepasuliwa', basi mtu anaingia. Ndiyo maana umewaona." Akatikisa kichwa. "Watu wanasoma miaka mitatu na hili linawapita. Wewe umelinasa kwa wiki tatu na daftari."

"Usinisifu, saa zinakwenda. Kitupu kinaulizwaje?"

"Kina neno lake. Huandiki kwamba ni sawa na kitu, maana hakuna kitu. Unaandika IS NULL."

Bi Masjala aliigeukia kibodi. Nipe jina, simu na tarehe, kutoka jedwali la wagonjwa, wale tu ambao ugonjwa wao ni mtoto wa jicho na hali yao ni tupu. Akabonyeza, akafumba macho. Msichana ndiye aliyesoma.

"Mia mbili thelathini na mmoja."

Alifumbua macho. Majina yalijaa kioo na kushuka chini ya kioo, yakaendelea kushuka kadiri alivyosogeza. Alimwona mama wa watoto pacha. Alimwona dereva wa lori. Walikuwa hapo muda wote, kila mmoja kwenye mstari wake, wametunzwa vizuri kwa namna aliyoipanga yeye, na namna hiyohiyo ndiyo iliyokuwa karibu kuwafungia nje. Machozi yalimtoka. Akayafuta kwa mgongo wa mkono na kusema ni vumbi la nyaya.

"Ni vumbi kweli," msichana alisema, akimpa kitambaa kichafu zaidi.

Daktari mkuu alipoletewa karatasi alidhani ni orodha ya mwaka mzima. Bi Masjala akamweleza, na hakujificha nyuma ya mtu. Alisema utaratibu wa visanduku vitupu ni wake, na kwamba ungeweza kuwakosesha watu hawa matibabu. Ukijumlisha na zile bahasha thelathini na nane zisizo na hali, wote pamoja ni watu mia mbili sitini na tisa. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akachukua simu saa nane na nusu, akazungumza akiwa amesimama. Alipokata alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, jambo alilolifanya mara chache.

"Wanakuja. Ila wanataka kesho asubuhi wajue watu arobaini wa kwanza wamethibitisha kwa mdomo wao. Miaka minne, Bi Masjala, namba nyingi zitakuwa zimekufa. Jitayarishe."

Walirudi masjala. Msichana alitaka kuanza na herufi ya kwanza, Bi Masjala akakataa.

"Kuna namna ya kuwapanga kwa tarehe? Aliyesubiri zaidi aanze."

"Ipo. Mstari mmoja tu."

"Uweke."

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mwanamke aliyeandikishwa miaka minne na miezi miwili nyuma, mshonaji. Bi Masjala hakuikumbuka sura yake, na hilo lilimsikitisha. Alipiga namba akiwa amejiandaa kuambiwa na ile sauti ya mashine kwamba haipatikani. Ikaita. Ikaita tena, mara nyingi, hadi akasogeza kidole kukata.

"Haloo," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Nani mwenzangu?"

"Habari za mchana, mama. Napiga kutoka kliniki ya macho. Masjala."

Upande wa pili redio ilikuwa inaongea, kisha ikazimwa.

"Sema tena."

"Kliniki ya macho, mama. Madaktari wa upasuaji wanakuja Jumatatu. Nilikuwa naomba kujua kama bado unahitaji."

"Naona mwanga tu sasa," mama alisema. "Mwanga na vivuli." Alivuta pumzi. "Wanangu walininunulia simu nyingine, ya kisasa, inayosema yenyewe. Wakaniambia hii niitupe, laini hii hakuna anayeipiga. Kweli, hakuna anayeipiga. Lakini niliwaambia ndiyo namba niliyoiacha kliniki. Kila mwezi naiwekea vocha kidogo isifungwe."

Bi Masjala alivua miwani. Msichana aliona, akanyoosha mkono kuichukua simu, lakini shangazi yake alitikisa kichwa, akaishika kwa mikono miwili.

"Saa mbili asubuhi, mama," alisema. "Utaweza?"

"Hii Jumatatu inayokuja?"

"Hii inayokuja."

Simu haikukatwa. Ilisikika ikiwekwa juu ya kitu kigumu, labda meza ya cherehani, na mama akisikika kwa mbali akimwita mtu chumba cha pili, akimwambia aache anachofanya, aje amtafutie viatu vya kutokea.